Uso uliokunjwa mbele ya kipofu



Ijumaa iliyopita, baada ya kutoa salamu, kijana aliyekuwa kulia kwangu alininyooshea mkono. Ni msukuma mkokoteni, shati lake lina vumbi la saruji. Nilimpa ncha za vidole tu, macho yangu yakiwa safu ya mbele kwa mfanyabiashara mmoja niliyekuwa na haja naye. Na bega nikalivuta. Sikumtamkia neno baya, hivyo nikarudi nyumbani nikijiona sina kosa.

Usiku ikanijia Surat Abasa, sura ya 80, ambayo wengi wetu tumeihifadhi tangu chuoni. Kisa chake twakijua. Mtume (s.a.w.) alikuwa Makka akizungumza na wakubwa wa Kikureshi, akitaraji watasilimu. Akaja Abdullah bin Umm Maktum, naye ni kipofu, akitaka kufundishwa. Mtume akakunja uso na kugeuka, na Allah (s.w.) akateremsha aya za kumlaumu.

Jambo nililokuwa sijalizingatia ni kwamba kipofu haoni uso. Ibn Umm Maktum hakukiona kipaji kile kilichokunjwa, wala hakutukanwa. Pamoja na hayo aya ziliteremka, na zinasomwa mpaka leo. Tena Mtume alikuwa katika daawa! Mimi nilikuwa natafuta mkopo, na kijana wangu ana macho mawili mazima.

Wapo wanaosema dini iko moyoni, haya ya mwili ni adabu za Waswahili tu. Si kweli. Luqman alimkataza mwanawe kuwageuzia watu shavu kwa kiburi (31:18). Surat Mujadila, aya ya 11, inatuamrisha kupeana nafasi vikaoni. Mtume amekataza wawili kunong'ona na kumwacha wa tatu, kwa kuwa inamhuzunisha. Na safu tunahimizwa kuzikaza, bega kwa bega. Ajabu ni kwamba dakika mbili baada ya salamu bega lile lile linakuwa na bei.

Mtume alimfanya Ibn Umm Maktum muadhini pamoja na Bilal, na alipotoka Madina mara kadhaa alimwachia yeye mji. Mimi hata jina la kijana yule silijui. Nimeuliza kwa wenzake wa mikokoteni pale nje, wakaniambia Jumatano aliondoka kwenda Mkuranga, mama yake anaumwa. Hawajui atarudi lini. Ijumaa hii nitakaa palepale, safu ya tatu, na kulia kwangu nitaacha aje atakayekuja.