Mizani Ina Stika, Chuo Je?

Jirani yangu anauza maharage sokoni. Mizani yake ina stika ya Wakala wa Vipimo, na kila mwaka huipeleka ikakaguliwe upya. "Mteja hana haja ya kuniamini mimi," huniambia. "Aangalie stika." Kwa mizani hiyohiyo, kilo kwa kilo, alimsomesha binti yake stashahada ya maabara miaka mitatu.

Binti alipomaliza akaenda kujisajili kwenye baraza la taaluma yake. Akarudishwa. Chuo kilikuwa na usajili, lakini kozi aliyosoma haikuwa na ithibati. Nilimkuta mama amezipanga stakabadhi za ada mezani, mwaka kwa mwaka, hakuna hata moja iliyopotea. Akaniuliza, "Sasa hizi ni za nini?" Sikuwa na jibu.

Wengi wetu tunachanganya mambo haya mawili. Usajili ni ruhusa ya kufungua milango. Ithibati hupatikana baada ya wataalamu wa nje kuingia ndani: wakaangalia idadi ya walimu na sifa zao, wakapitia mtaala, wakakagua maktaba na maabara. Tena ina muda wake; ukiisha, chuo hupimwa upya. Hapa Tanzania vyuo vikuu hupimwa na TCU, tume iliyoanzishwa mwaka 2005, na vyuo vya kati hupimwa na NACTVET. Mwaka 2017 TCU ilipovizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, nami niliona ni ukali kupita kiasi. Leo sioni hivyo.

Binti aliniambia kwamba darasa lao zima lilikuwa likipokezana hadubini moja. Wengine walitazama mara mbili tu kwa muhula. Nikamfikiria mtoto mwenye homa, ametobolewa kidole, tone la damu limewekwa kwenye kioo. Anayelitazama ndiye atakayesema kama kuna malaria au hakuna. Mama wa mtoto huyo hawezi kumuuliza mpimaji alisomea wapi na alifundishwaje. Lazima awepo mtu aliyeuliza kwa niaba yake, miaka mingi kabla.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Matokeo ya mitihani yakitoka, mabango ya vyuo hujaa barabarani. Mzazi mwenzangu, kabla hujalipa, litafute jina la chuo kwenye orodha ya mamlaka husika. Ukilipata, usiishie hapo; itafute na kozi yenyewe.

Binti ameanza upya, chuo kingine, mwaka wa kwanza. Safari hii mama alikwenda naye. Mhasibu alipotaja ada, mama hakufungua fundo la khanga.

"Mizani yangu ina stika," alimwambia. "Yenu iko wapi?"