Upendo na Mizani



Kuna wasemao: "Amri ya kumpenda jirani ni ya Injili, Sheria ya Musa ni ya zamani, yatufaa nini?" Je, neno hili ni kweli?

Mwandishi mmoja wa Sheria alimwuliza Bwana Yesu, amri ya kwanza ni ipi (Marko 12). Bwana hakumtungia amri mpya. Alimjibu kwa mbili za kale: kumpenda Mungu kwa moyo wote, iliyo katika Kumbukumbu la Torati sura ya 6, na kumpenda jirani kama mtu ajipendavyo, iliyo katika Walawi sura ya 19, aya ya 18.

Basi tuisome sura hiyo ya 19, tuone amri ya upendo imezungukwa na nini. Mwenye shamba asivune mpaka pembeni, maskini wapate kuokota. Mshahara wa kibarua usilale kwa tajiri wake hata asubuhi. Na karibu na mwisho: mizani na mawe ya kupimia viwe vya haki. Kumbe, upendo si maneno matamu tu. Ni kazi ya mikono.

Jambo hili latuhusu sana sisi wa Kilo. Tangu dhahabu ilipoonekana katika nchi hii mwaka 1903, wengi wameishi kwa kuichimba na kuipima. Mchimbaji hushinda kutwa katika maji na matope, naye huleta punje chache kwa mnunuzi. Mwenye mizani ya uongo humwibia bila kumpiga. Jumapili aweza kuimba kwa sauti kuu, lakini Mungu aiona mizani yake ya Jumatatu.

Labda mwingine atasema: "Jirani ni mtu wa kabila langu." Ni kweli, aya ya 18 yataja watu wa taifa lile. Lakini aya ya 34 yaamuru vivyo hivyo kumpenda mgeni, maana Waisraeli nao walikuwa wageni Misri. Juu ya msingi huo Bwana Yesu alitoa mfano wa Msamaria. Ituri yetu, iliyomwagika damu nyingi katika vita vya miaka ya 1999 hata 2003, na tena baadaye, yajua hasara ya kuisahau aya hiyo.

Basi kabla ya Ubatizo kila mmoja ajiulize: Nani nimemzuilia mshahara? Nani nimempunja? Nani nimemwita mgeni ili nisimpende? Arudishe, apatane, ndipo aje kupokea maji matakatifu.