Kete Lazima Ilale

Mjukuu wangu,

Nilipokuja kwako Temeke nilisoma ile karatasi uliyoibandika nyuma ya mlango. Kuamka saa 10 alfajiri. Sala. Mbio. Kazini saa 2. Jioni biashara yako ya viatu. Saa 2 usiku masomo ya uhasibu, mpaka saa 5. Moyo wangu ulifurahi, maana kijana asiye na mpango najua anakoishia. Ila mstari mmoja umeukata kwa kalamu nyekundu, huo peke yake: "Jumapili jioni, ufukweni na wenzangu." Huo ndio ulioniamsha kukuandikia.

Nimeshona nguo Tanga miaka 40. Mwanzoni nilikaa kwenye cherehani tangu alfajiri hadi isha, na Ramadhani, kwa nguo za Idi, hadi daku. Aliyenitoa ni marehemu bibi yako. Hakugomba. Alasiri moja aliingia dukani, akaifunika cherehani kwa kanga yake, akaenda zake. Nikajikokota barazani kwenye bao, uso nimeukunja.

Bao lina mashimo 32 na kete 64. Unasambaza kete moja moja. Ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, unaendelea. Ikiangukia shimo tupu, inalala, na zamu inakwenda kwa mwenzio. Shimo tupu ndilo linalokupa pumzi, na ndilo linalomfungulia mwenzako. Siku yako haina shimo tupu, baba. Kete yako hailali, na wenzako wamekaa wanangoja zamu isiyofika.

Tangu siku ile nikawa natoka kila alasiri kwenda kwenye bao, na saa hiyo ilinigharimu. Mashati yalipungua, na wateja wawili watatu wakahamia kwa fundi mwingine. Sikuyafidia usiku. Ndiyo maana nakwambia usiamke saa 9 ili upate saa ya kucheka. Huko ni kuuibia usingizi, na mwili hudai deni lake. Toa kitu. Ningekuwa wewe ningeacha masomo ya Jumatano usiku, na mbio za siku sita zingekuwa nne. Sala usiiguse. Na ukifika ufukweni, hiyo saa inayokuhesabia hatua iwe imebaki nyumbani, usije ukaifanya starehe nayo kuwa zamu ya kazi.

Unakikumbuka kisa cha Salman na Abu Dardaa, mlichofundishwa madrasa? Salman alikwenda kumtembelea nduguye Abu Dardaa, akamkuta mkewe, Ummu Dardaa, amevaa nguo chakavu. Mimi fundi, hapo ndipo ninaposimama kila nikikisikia: nguo ndiyo iliyomwambia Salman kwamba nyumba hii ina mtu anayefunga mchana kutwa na kusali usiku kucha, akawasahau waliomo. Salman akamlazimisha Abu Dardaa ale, akamlazimisha alale, akamwambia nafsi yake ina haki na ahali zake wana haki. Mtume, rehema na amani zimshukie, akasema Salman amesema kweli. Ikiwa ibada yenyewe iliwekewa mpaka, itakuwa biashara ya viatu?

Nakuja Ijumaa ya mwisho wa mwezi na bao langu la mninga. Kete ni zile za komwe alizookota bibi yako, zimebaki 62. Nitafutie mbili, na karatasi mpya niikute mlangoni.

Babu yako