Siri Isiyofichwa

Wapo wazazi wanaouliza: Je, mtoto aliyelelewa kuwatii wakubwa na kutunza siri, afundishwe tena kumkataa mkubwa na kuitoa siri yake? Jawabu: Ndiyo, wala adabu haivunjiki. Hapana kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Na siri ni amana maadamu haifichi dhulma.

Mwaka 2007, huko Australia Kusini, msichana wa miaka 15 aliuawa na mtu mzima aliyejifanya kijana katika intaneti. Kwa sababu yake ikapitishwa Sheria ya Carly, mwaka 2017, yenye kumwadhibu mtu mzima anayetumia mtandao kujiandaa kumdhuru mtoto. Lakini sheria haimwoni mlaghai anapoanza kwa sifa na zawadi, kisha akasema: "Usimwambie mama." Anayeweza kulisikia neno hilo ni mtoto peke yake.

Basi inampasa mzazi wa Macquarie Fields amfundishe mwanawe, tangu shule ya msingi, mambo matatu: kukataa, kuondoka na kusema. Naye akisema, asipigwe wala asitahayarishwe, kwani mtoto mwenye kuiogopa fimbo ya nyumbani humfichia siri adui yake. Sitara ni haki ya aliyedhulumiwa. Dhalimu hana sitara.