Makumbi na Mwenye Hisa wa Tatu

Hapa kijijini Jambiani makumbi ya nazi tunayafukia pwani, maji yakipwa, tukayafunika kwa mawe. Hukaa humo miezi; yakifukuliwa yananuka mpaka mgeni anaziba pua. Ndipo tunapoyapiga kwa gongo, usumba ukalainika, tukasokota kamba. Siku hizi makumbi yenyewe tunayatafuta. Minazi ya mababu imezeeka, mingine imeangushwa kwa ajili ya mbao na viwanja vya hoteli, na kamba ya nailoni imeshusha bei yetu. Nani ajihangaishe kupanda mipya?

Mnazi mrefu huanza kuzaa baada ya miaka 6 hivi, kisha huzaa miaka 60 au zaidi. Anayepanda uzeeni hapandii tumbo lake. Dini yetu ya Kiislamu inasema mti anaoula ndege au mtu ni sadaka ya aliyeupanda. Je, anayeukata ungali unazaa, anamkatia marehemu thawabu? Mwalimu wa chuo cha Kurani alinambia thawabu iko kwenye nia, haikatwi kwa shoka. Sikutosheka, kwani mjukuu wangu hatasokota nia. Kwetu ardhi yaweza kuwa ya huyu na mnazi wa yule. Mimi namwona na mwenye hisa wa tatu, hajazaliwa bado, na kwenye hati ya mauziano hakuna pa kutia dole gumba lake.