Kapeti la Nyasi Juu ya Mfinyanzi

Bwana mmoja wa Goba, Dar es Salaam, mstaafu ambaye kiinua mgongo chake kilikuwa hakijaguswa, aliamua kuwatengenezea wajukuu uwanja wa michezo nyuma ya nyumba. Nia yake huwezi kuilaumu. Njia ya mtaani kwao imejaa bodaboda, na viwanja vya kukodi hulipiwa kwa saa. Akapima uani, akapata mita 20 kwa 10. Akaangalia picha kwenye simu mpaka usiku wa manane, na kulipokucha akashuka Kariakoo, akarudi na vipande vitatu vya nyasi bandia mfukoni. Akavipapasa mbele ya familia nzima, akachagua kilicho laini kuliko vyote.

Kosa la kwanza ni hapo. Zile nyasi laini, ndefu, zilizochanganywa na nyuzi za kahawia ili zionekane za kweli, ni za bustani. Zinapendeza barazani na kwenye picha za harusi. Nyasi za michezo zina kazi nyingine. Za soka huwa na urefu wa kama milimita 40 hadi 60, na hujazwa mchanga na mara nyingi chembe za mpira ili majani yasimame. Za tenisi na padeli ni fupi, milimita 10 hadi 15 hivi, na mchanga hujazwa karibu kufika nchani, ndiyo maana mpira unadunda. Wajukuu walikuwa wameomba soka na kikapu. Kwenye kapeti la bustani mpira wa kikapu ukiupiga chini unarudi magotini, basi.

Fundi alikuwa kijana mchangamfu mwenye simu mbili. "Mzee, siku tatu tu watoto wanacheza," akasema, na ahadi aliitimiza. Alikwangua majani, akamwaga mchanga wa kujengea, akausawazisha kwa ubao, akatandika kapeti, akaunga vipande kwa gundi. Mama wa nyumba, amesimama mlango wa jikoni na upawa mkononi, akauliza, "Na maji ya masika yatapita wapi, baba?" Akajibiwa kwamba kapeti lina matundu.

Matundu yalikuwepo, kweli kabisa. Lakini tundu halimezi maji, linayapitisha tu. Goba ni vilima, na nyumba hii iko chini ya mteremko, juu ya mfinyanzi. Udongo wa namna hiyo ukilowa unavimba, ukikauka unanywea na kupasuka, na katikati ya hayo mawili haupitishi maji kwa haraka. Masika yalipofika, maji ya viwanja vya juu yaliingia uani kama kawaida yao ya miaka yote, yakapenya kwenye kapeti, yakakuta mfinyanzi, yakatulia. Ule mchanga ambao haukushindiliwa ukasombwa na kulundikana upande wa ukuta. Kufikia mwezi wa tano uwanja ulikuwa na mabonde. Ukikanyaga karibu na tangi, maji meusi yalipanda katikati ya vidole yakinuka uvundo. Kiungo cha katikati kilifumuka kiasi cha kuingia kidole gumba, na mjukuu mkubwa akajikwaa hapo, akateguka kifundo cha mguu.

Mvua ikaisha, likaja jua. Hili ndilo wanunuzi wengi hawaulizi kabisa, nami naona ajabu katika mji wenye joto kama Dar es Salaam. Nyasi bandia zilipata umaarufu mwaka 1966 katika uwanja wa Astrodome, Houston, Marekani, uwanja wenye paa ambamo nyasi halisi zilikufa kwa kukosa mwanga. Yaani zilisifiwa kwanza kivulini. Nyasi hai hujipoza kwa kutoa maji kwenye majani yake. Plastiki haina maji ya kutoa. Mwaka 2002 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, jimboni Utah, walipima uwanja wa chuo chao wakakuta uso wake umewahi kufika nyuzi 93 za Selsiasi. Walipoumwagilia maji, joto lilishuka kutoka 79 hadi 29, lakini baada ya dakika tano lilikuwa limerudi 49, na baada ya dakika 20 likawa 73. Bwana wetu naye alijaribu mpira wa kumwagilia maji. Bili ya maji ilipanda, na watoto bado walicheza wakirukaruka, kisha wakahamia tena barabarani.

Akamrudia fundi. Fundi, bila ubishi wala matusi, akamwonyesha risiti: "Kutandika kapeti, mita za mraba 200." Kapeti lilikuwa limetandikwa.

Fundi wa pili alikataa kutaja bei kwa simu. Alikuja asubuhi, akatoa shikamoo, akaomba jembe na ndoo. Akachimba shimo la kina cha mkono hadi kiwiko, akalijaza maji, yakanywewa taratibu. Akalijaza tena, akasema atarudi kesho. Kesho yake maji bado yalikuwemo. Hapo ndipo akakaa kuandika: kuchimba na kuondoa udongo wa juu, mtaro upande wa mlimani wenye bomba la matundu, uishie kwenye mfereji wa nje na si kwa jirani, kitambaa cha kuzuia udongo usichanganyike na kokoto, kokoto sentimita 20, zishindiliwe kwa mashine tabaka kwa tabaka, mteremko wa sentimita moja kwa kila mita, mawe ya ukingo pande zote. Kapeti lilikuja mwishoni mwa karatasi, na halikuwa na bei kubwa kuliko vyote. Chembe za mpira hakuziandika kabisa, maana mvua huzisomba hadi kwenye mifereji. Umoja wa Ulaya wenyewe umeamua kupiga marufuku uuzaji wa chembe za plastiki na mpira za kujazia viwanja kuanzia mwaka 2031.

"Hizi kokoto huwezi kupunguza?" bwana akauliza.

"Tupunguze uwanja, mzee."

Wakaupunguza ukawa mita 10 kwa 10, nyasi fupi zenye mchanga, na goli moja. Kikapu kimewekwa pembeni juu ya zege, mahali pake hasa. Nusu iliyobaki mama ameirudishia kamba ya nguo na kupanda miembe miwili upande wa magharibi, ili kivuli kifike golini saa tisa. Miembe bado ni michanga, kwa hiyo mpira unaanza saa kumi na moja.