Je, Mtoto wa Nyoka ni Nyoka?



Usiku mmoja hapa Goba tulisikia ukelele wa mwizi. Tulipotoka tuliwakuta vijana wamemzunguka mtoto wa kiume wa miaka kama kumi na sita, na mbele yake pana betri ya gari. Mmoja alikwisha leta tairi, mwengine anauliza mafuta ya taa yako wapi. Ndipo mzee mmoja, mtu wa sala na heshima zake, akasema: "Babake namjua, alikuwa mwizi. Mtoto wa nyoka ni nyoka." Mjumbe aliwahi, na mtoto akapelekwa polisi angali hai. Lakini nakiri mbele yako kwamba mimi mwenyewe nilisimama pale nisiseme neno.

Niliporudi ndani sikupata usingizi. Nikaikumbuka picha moja ya zamani, ya rangi nyeusi na nyeupe, ambayo wazee wengi wa pwani wanaijua: Awara, aliyoitengeneza Raj Kapoor mwaka 1951. Unguja, Mombasa na Dar es Salaam watu waliipenda mno, na mama zetu walikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, wakaenda na buibui zao kuwaona Raj na Nargis. Nyimbo zake zilizagaa mitaani. Lakini je, tulilisikia swali lake?

Hakimu Raghunath anaamini kuwa mwana wa mwizi hana budi kuwa mwizi. Kwa imani hiyo anamfunga mtu aitwaye Jagga, kwa kuwa babake alikuwa mhalifu. Jagga anakuwa jambazi kwelikweli na anataka kulipiza: amteka mke wa hakimu, kisha amrudisha. Mume ashikwa na shaka, amfukuza mkewe naye ni mja mzito. Mtoto azaliwa katika ufukara wa Bombay na kulelewa katika wizi na Jagga yuleyule. Basi damu ya hakimu ikatoa mwizi! Nyoka hakuzaa nyoka. Nyoka alitengenezwa na aliyedai kuwa anamjua.

Ukiitazama picha ile utaona vivuli vizito, ngazi zenye giza, nyuso nusu mwangani na nusu gizani. Giza hilo lina nasaba. Marekani, katika miaka ya dhiki kuu ya uchumi, zilitoka picha za majambazi: Little Caesar na The Public Enemy mwaka 1931, kisha Scarface mwaka 1932. Kijana maskini apanda kwa bastola, avaa suti, kisha aanguka. Baadaye watengenezaji waliomkimbia Hitler, kama Fritz Lang na Billy Wilder, walileta huko giza la senema za Ujerumani. Mwaka 1946 Wafaransa wakaziita picha za namna hiyo film noir, yaani picha nyeusi.

Tofauti yao ni hii. Katika picha za majambazi, mwovu tunamjua tangu mwanzo, nasi twamtazama kwa mbali. Katika picha nyeusi, mwovu ni jirani. Double Indemnity ya mwaka 1944 yaeleza khabari za muuza bima, mtu wa kawaida mwenye kazi nzuri, aliyemuua mteja wake kwa tamaa ya fedha na ya mke wa mtu. Sisi tulipokuwa vijana tulikuwa na kanuni yetu: stelingi hafi. Lakini hapa stelingi ndiye muuaji, naye anakufa au anakamatwa. Mtazamaji atoka ukumbini akijiuliza: na mimi je, tamaa yangu ingenifikisha wapi?

Baadhi ya watu watasema: kumhurumia mwizi ni kuupalilia wizi. Hoja hii si ya kudharauliwa. Waliovamiwa na vijana wa Panya Road mwaka 2015 na 2022 hawakuhitaji picha ya kuwafundisha huruma, walihitaji amani. Na mwenye betri ile ana haki yake. Hata Wamarekani waliihofia hoja hiyo. Katika Angels with Dirty Faces ya mwaka 1938, padri amwomba rafikiye jambazi ajifanye mwoga siku ya kuuawa kwenye kiti cha umeme, ili watoto wa mtaani wasimfanye shujaa.

Lakini huruma na udhuru ni vitu viwili. Mwisho wa Awara, kijana Raj hakuachiwa huru: alifungwa miaka mitatu, kwa kosa lake mwenyewe. Kilichokataliwa pale ni kumhukumu mtu kwa jina la babake. Na dini yetu yatufundisha hayo hayo: hakuna nafsi inayobeba mzigo wa nafsi nyengine. Tena kumkabidhi mtuhumiwa kwa wenye kuhukumu si kumpendelea. Ni kukiri kwamba sisi, usiku ule, kwa hasira zetu, hatukuwa mahakimu bali wauaji watarajiwa. Nami niliyenyamaza nilikuwa mmoja wao.

Basi, ewe baba na ewe mama, ukimwona mwanao akitazama simuni picha za majambazi, usitosheke na kumpokonya. Kaa naye, umwulize: huyu alianza kupotea wapi? Nani angeweza kumzuia? Na aliyeibiwa yuko wapi katika kisa hiki? Kisha ujiulize mwenyewe kama mtaani kwenu yuko mtoto ambaye mmekwisha kumpa jina la nyoka kabla hajauma mtu.

Yule mtoto wa betri atarudi Goba siku moja. Namwomba Mwenyezi Mungu anipe ulimi wa kumwambia "karibu", kwani ulimi wa kumtetea, usiku ule, sikuwa nao.